Maswali ya Wasomaji: Kuifundisha kumbukumbu ili sonona isirudi

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache kwamba yapo mazoezi ya kumbukumbu wanayopewa watu waliopona sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua sita na kuondoa majina. Anayeisoma safu hii huku akiwa na mawazo ya kujidhuru asianze na mazoezi haya. Amwambie mtu aliye karibu naye sasa hivi, na waende pamoja kituo cha afya au hospitali leo hii.

Nimeugua sonona mara mbili. Sasa ni mwezi wa nane niko sawa. Mliposema mazoezi ya kumbukumbu nilidhani ni mafumbo na kukariri namba, kama wafanyavyo wazee ili wasisahau. Lakini mimi sisahau kitu. Kumbukumbu inahusiana vipi na sonona? (Msomaji wa kike, Tanga)

Dada, mafumbo hayamo. Kumbukumbu tunayoisema ni ile ya maisha yako mwenyewe, na tatizo lake si kusahau. Kabla hujaendelea kusoma, chukua neno "furaha", jipe sekunde 60, kisha utaje tukio moja lililokupata mahali fulani, siku fulani, na lisilozidi siku moja. Ukisema "nilikuwa nafurahi tulipokuwa tukienda shamba kwa bibi", hujajibu. Ukisema "Jumapili ile ya kuvuna mahindi bibi aliteleza akakalia kapu, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini", hapo umejibu.

Jaribio la namna hii lilitolewa taarifa mwaka 1986 na watafiti wa Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent. Waliwapa maneno watu waliokuwa wamejaribu kujiua, wakaona kwamba wengi wao walirudi na majibu ya jumla hata walipoombwa tukio moja. Baadaye hali hiyohiyo ilionekana kwa wenye sonona. Linalokuhusu wewe ni kwamba mara nyingi tabia hii hubaki hata dalili zikishaondoka, na wanaobaki nayo zaidi huelekea kuwa na dalili nyingi zaidi siku za mbele.

Fikiria kisima. Akili ikitafuta kumbukumbu hushusha ndoo kutoka juu: kwanza "utoto", halafu "shamba kwa bibi", halafu siku ile moja. Kwa mwenye sonona kamba huishia katikati, na sababu zinazotajwa na watafiti ni tatu. Ndoo ikigusa neno kama "kushindwa", mtu hunaswa na kuwaza-waza juu ya nafsi yake na haendelei kushuka. Pili, chini kule kuna maumivu, kwa hiyo akili imezoea kusimama kabla ya kufika. Tatu, kushusha ndoo kunahitaji nguvu ya kupanga na kuchuja mambo kichwani, na nguvu hiyo ndiyo sonona inayoichosha.

Hasara yake huonekana kazini na nyumbani. Mtu mwenye "mimi hushindwa kila kitu" tu hana pa kuanzia anapopata shida mpya, kwa kuwa hakumbuki siku aliyoitatua shida ya namna hiyo na alivyoitatua. Hata mipango ya kesho hujengwa kwa vipande vya matukio ya jana. Pasipo vipande, kesho nayo huonekana ukungu mtupu.

Mnafanyaje hasa? Nataka hatua, si maelezo. (Msomaji, Morogoro)

Mazoezi yenyewe yalianza kama mafunzo ya kikundi. Mwaka 2009 Filip Raes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya wanawake kumi waliokuwa wamelazwa. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, na kila siku walikuwa na kazi ya nyumbani. Hiyo kazi ya nyumbani ndiyo tutakayokueleza, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito.

Tafuta daftari na kalamu, na wakati usiobadilika wa kufanyia zoezi. Baada ya chai ya saa kumi jioni panafaa. Kitandani hapafai, tutaeleza mbele. Tenga dakika 15 hadi 20.

Wiki ya kwanza andika maneno kumi ya kawaida au mazuri: mvua, ufunguo, jirani, soko, zawadi, kicheko, safari, kiti, salamu, chai. Kila siku chukua mawili matatu. Kwa kila neno andika tukio moja: siku gani au kipindi gani cha mwaka, mahali gani, nani alikuwepo, alisema nini, wewe ulifanya nini baadaye. Ongeza walau mambo mawili yaliyopita kwenye macho, masikio, pua au ngozi, kama rangi ya khanga aliyoivaa, mlio wa bati chini ya mvua, au harufu ya mafuta ya taa. Mwisho wa siku andika tukio moja la siku hiyohiyo, hata likiwa la kununua vocha. Hili la leo usiliruke. Linakufunza kuliweka tukio vizuri tangu mwanzo, kabla ya kazi ya kulitafuta haijafika.

Wiki ya pili, neno moja litoe matukio mawili yasiyofanana. Ndipo kamba inapoanza kurefuka, kwa sababu la kwanza mara nyingi huwa lile ulilokwisha kulisimulia mara mia.

Wiki ya tatu ingiza maneno yenye uchungu, moja tu kwa siku: aibu, upweke, kosa, hasira. Kila moja lifuate na mwenzake wa upande wa pili siku hiyohiyo: aibu na heshima, upweke na kampani, kosa na jambo lililofanikiwa. Wiki ya nne acha orodha, ufanye kazi na sentensi zako mwenyewe za siku nzima. Kila unapojisikia ukisema "hakuna anayenijali", simama, ulete siku moja mtu aliyekupuuza, kisha siku moja mtu aliyekujali. Zote mbili ziwe na mahali na saa.

Utajuaje kama ulichoandika ni tukio? Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu jibu limo ndani ya kitenzi. Pigia mstari vitenzi vyako. Ukiona hu- ("hunidharau", "husahau"), au ukiona -kuwa pamoja na -ki- au -na- ("alikuwa akinisema", "tulikuwa tunakaa"), bado uko juu. Wanaoongea Kiswahili cha bara waitazame pia -ga ya mazungumzo: "ananifanyiaga hivyo", "nilikuwaga mchangamfu". Maneno kama kila, siku zote, kamwe na "mimi ni mtu wa…" nayo ni dalili. Tukio halisi huja na -li- ya mwanzo kisha -ka- zikifuatana: "Alinipita pale dukani, nikamsalimia, akaangalia simu, nikaendelea na njia." Ukishapata -ka- tatu mfululizo, ndoo imegusa maji.

Lakini usiitegemee -li- peke yake. "Niliishi Dodoma miaka mitatu" ina -li- na si tukio. Ongeza kipimo cha pili: jambo hilo liliweza kuanza na kwisha kabla ya jua kuchwea mara moja?

Kosa tunalolikuta zaidi ni watu kuandika maoni badala ya tukio. "Ilikuwa siku nzuri sana, nilijiona nina thamani." Hiyo ni hukumu, na ushahidi haupo. Ifute, uandike kilichotokea hata ukaiita nzuri. Kosa la pili ni kutafuta matukio makubwa, harusi na mahafali, yakaisha ndani ya siku tatu. Siku uliyopata kiti kwenye daladala saa moja jioni inatosha kabisa.

Asiyependa kuandika, au anayehofia daftari kusomwa, asimulie kwa sauti au ajirekodi kwenye simu na kufuta baadaye. Kinachofanya kazi ni kushuka mpaka kwenye tukio. Karatasi ni chombo tu.

Shikamooni. Nimejaribu zoezi hili siku nne. Kila neno linanipeleka kwenye msiba wa kaka yangu. Juzi neno lilikuwa "kiti" nikalia usiku kucha. Je, niache? (Msomaji, miaka 22, Kisumu)

Marahaba, mwanetu, na pole sana kwa kaka.

Kwanza turekebishe saa. Zoezi la usiku, taa zimezimwa, halina kikomo, na hapo ndipo kukumbuka kunapogeuka kuwaza-waza bila wewe kujua. Mambo haya mawili hayafanani. Tukio lina mwanzo na mwisho: alikaa kwenye kile kiti, akaniomba maji, akacheka, akaondoka. Utalia, na kilio kitafika mahali kikatulia. Kuwaza-waza hakuna mwisho kwa kuwa kunaendeshwa na maswali ya "kwa nini": kwa nini yeye, kwa nini sikumpigia simu, kwa nini mimi niko hivi. Maswali hayo hayana jibu la tukio, hivyo akili huzunguka. Ukijikuta kwenye "kwa nini", badilisha swali liwe "nini kilifuata?" au "ilikuwaje?". Badiliko hilo dogo la swali limefanyiwa utafiti mwingi: kufikiri kwa mambo mahususi huumiza kidogo kuliko kufikiri kwa maana za jumla, hata jambo likiwa lilelile.

Pili, rudi nyuma hatua moja. Kwa wiki nzima tumia matukio ya saa 24 zilizopita tu. Neno "kiti" lijibiwe na kiti ulichokalia leo. Msiba usifukuzwe, nasi hatusemi umsahau kaka. Unajenga tu uwezo wa kuchagua ndoo ishuke wapi. Ukiona baada ya dakika kumi moyo unazidi kuzama, funga daftari, nawa uso kwa maji baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, toka nje.

Tunakutia moyo kwa jambo hili: mafunzo haya yamewahi kutumiwa kwa vijana wadogo kuliko wewe, wakimbizi wa Afghanistan waliokuwa Iran, ambao baba zao waliuawa vitani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba miezi miwili baada ya mafunzo dalili zao za sonona zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao ambao hawakufundishwa. Lakini walikuwa na mwalimu na kikundi, hawakukaa peke yao usiku.

Lipo jambo moja usilopaswa kulishughulikia mwenyewe nyumbani. Kama picha ya kifo inakuja yenyewe bila kuitwa, moyo ukaenda mbio, jasho likakutoka, ukajiona kana kwamba inatokea sasa, hilo ni jeraha la aina nyingine na lina tiba yake. Mpelekee mshauri au daktari wa afya ya akili habari hizo kama ulivyotueleza sisi.

Naweza kupunguza dawa sasa kwa kuwa nafanya mazoezi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ziendelee kwa miezi kadhaa baada ya dalili kwisha, na aliyeugua mara kadhaa mara nyingi huambiwa aendelee zaidi. Ukifika wakati wa kuacha, hupunguzwa polepole kwa muda usiopungua wiki nne, daktari akiangalia. Anayekatisha ghafla hupata kizunguzungu, usingizi mbovu na wasiwasi, akadhani sonona imerudi. Tena ushahidi wa mazoezi haya katika kuzuia sonona isirudi bado ni mdogo ukilinganisha na wa dawa. Yafanye pamoja na dawa, na mwambie daktari unayafanya.

Nikiwa mzima nayakumbuka mema yangu yote. Nikianza kuzama hayapatikani, kana kwamba yalimpata mtu mwingine. Kuna namna ya kuyaweka karibu? (Msomaji, Mombasa)

Ipo, na ni ya zamani sana: njia ya mahali, waliyoitumia wasemaji wa Ugiriki na Roma kukariri hotuba. Tim Dalgleish na wenzake wa Cambridge waliijaribu mwaka 2013 kwa watu wenye sonona na waliopata nafuu. Kila mmoja alichagua kumbukumbu 15 za mambo yaliyompa thamani. Kundi moja liliziweka kwenye njia wanayoijua, jingine lilizipanga kwa makundi na kuzirudia-rudia. Mwisho wa mafunzo makundi yote mawili yalizikumbuka karibu zote. Baada ya wiki walipigiwa simu bila kutarajia. Waliotumia mahali walikuwa nazo bado, wenzao walikuwa wamezipoteza baadhi.

Anza na tano. Chagua nyumba au njia unayoweza kuitembea ukiwa umefumba macho. Kwa mtu wa mji wa kale ni rahisi: baraza, mlango, daka, ngazi, jiko. Anayepanda matatu kila siku atumie vituo vyake. Iwe ni mahali pasipo msiba wala ugomvi. Halafu kila kumbukumbu iweke mahali pamoja, kwa picha iliyotiwa chumvi. Kama siku ile jirani alikuletea biriani ulipojifungua, basi sinia limejaa baraza yote, mvuke unapanda hadi dirishani, na yeye mwenyewe anakupungia mkono. Picha ya kawaida haishiki.

Tembea njia hiyo kichwani kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kinyume, siku hiyohiyo. Irudie kesho, keshokutwa, na baada ya wiki. Ukiona tano hazikuponyoki hata ukiwa umechoka, ongeza tano nyingine hadi zifike 15. Wanaokosea huweka kumbukumbu mbili mahali pamoja, zikagongana, au huchagua kumbukumbu yenye nyuso mbili. Siku ya harusi na mume mliyeachana naye ilikuwa nzuri, ila leo inakuja na mkia. Iache nje ya nyumba.

Kuna tahadhari ambayo wengi hawaijui. Kwa mtu aliyewahi kuugua, kukumbuka jambo zuri si lazima kuinue moyo, na kwa aliye ndani ya sonona kunaweza hata kuushusha. Kinachofanya hivyo ni kulinganisha: "mbona sasa siko vile?" Majaribio yameonyesha kwamba mtu akibaki kwenye mambo mahususi ya tukio, akaliona na kulisikia hatua kwa hatua, moyo huinuka zaidi kuliko akianza kuchambua maana yake na sababu zake. Kwa hiyo ukifika barazani, kaa na sinia na mvuke, usihukumu maisha yako kutoka pale.

Na ifanye njia hii sasa, ukiwa mzima. Kuijenga ukiwa umeshazama ni kama kuchimba kisima ukiwa na kiu.

Mke wangu alipona mwaka jana. Akianza kusema "hakuna linaloniendea vizuri" mimi humjibu "si kweli, una watoto, una kazi", naye hunyamaza. Nimsaidieje? (Msomaji, Muscat)

Ndugu yetu, wewe na yeye mnaongea mambo ya jumla kwa jumla. Yeye ametoa hukumu, nawe umempa hukumu nyingine. Uliza kwa upole: "Leo ni lipi? Lilianzaje? Aliyesema kwanza ni nani?" Msikilize mpaka tukio liishe. Usimalize kwa kusema "unaona, ni siku moja tu!", maana hapo umemgeuzia zoezi kuwa kesi aliyoshindwa. Mkiwa mbali, kwenye simu ya jioni, kila mmoja asimulie jambo moja la siku hiyo, dogo tu, na wewe uanze. Ukianza na "kazi zilikuwa nyingi" hujaanza bado. Mwambie yule fundi alifanya nini saa nne asubuhi.

Hili likae miezi mingi, si wiki nne. Tafiti zilipokusanywa pamoja zilionyesha kwamba faida ya mafunzo haya huonekana mara yanapomalizika, kisha hufifia kadiri miezi inavyopita. Tunashauri mara moja kwa mwezi mkeo achukue maneno kumi mapya, sekunde 60 kila moja, ahesabu mangapi yametoa tukio la siku moja. Asijilinganishe na mtu mwingine, ajilinganishe na mwezi uliopita. Idadi ikishuka arudi kwenye dakika 15 za kila siku. Lakini usingizi ukivurugika, hamu ya mambo ikipotea, au huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili, msisubiri hesabu ya mwezi. Aende kliniki alikotibiwa, aseme tarehe dalili zilipoanza. Wewe uliyeko mbali unaweza kuwa wa kwanza kuligundua hilo. Jioni ambayo hana tukio hata moja la kusimulia, siku tatu zikifuatana, mpigie dada yake aliye karibu naye.